Masharti ya Kuazima Baiskeli

Kuloba, kwanza shika usukani, usikie unavyovuta kushoto.
Haijaharibika. Ina mazoea.
Kushoto ndiko ulikokuwa mto
miaka yote niliyobeba kahawa ya watu
kutoka Bukigai mpaka Mbale.

Gia ni moja. Nyingine ni mapaja yako.
Breki ya mbele ipo kwa ajili ya polisi.
Ya nyuma ni hiki kipande cha kandambili:
kifunge chini ya kisigino, na ukiteremka
kanyaga tairi, polepole.
Ukinusa mpira unaungua, unaendesha vizuri.

Sasa njia.

Ya juu hupita Bushika, katikati ya migomba.
Watoto watakuzomea kwenye mpando,
halafu watakusukuma, na watakusukuma kweli.
Pesa usiwape. Wape pampu waichezee kidogo.
Kwa Nandudu muuza chai, shuka ukokote.
Si heshima hiyo:
mbwa wake anachukia spoku zinazozunguka,
baiskeli inayokokotwa haioni kabisa.

Kwenye kona ya mikaratusi kuna njia ya mkato.
Utaiona inavyoanza, pana, imekanyagika, inakukaribisha.
Usiingie.
Inakwenda hatua arobaini, halafu ni hewa.
Mlima ulishuka usiku, mvua ikiwa siku ya nne,
ukaondoka na njia, na nyumba tatu,
na Wambede, aliyenishikia tandiko hili hili
siku niliyojifunza kupanda,
akaliachia bila kuniambia.
Basi. Piga kengele mara moja, upite.

Ya kati inaandamana na Manafwa.
Maji yana rangi ya chai ya maziwa,
wachimba mchanga wamezama hadi kiunoni,
watakuuliza bei ya sukari mjini. Wajibu, hata kwa kubuni.
Kwenye daraja la mbao, ubao wa tatu kutoka huku ni mwongo.
Kutoka huku, nimesema. Ukirudi, hesabu upya.
Na huu ni mwaka wa tohara:
ukisikia njuga mbele, ingia majanini, usubiri.
Kijana aliyepakwa unga haoni baiskeli, haoni mjomba,
anaiona siku yake tu.
Kengele yako haina cheo mbele ya njuga zile.

Ya chini wengi huiita rahisi.
Ukishavuka barabara ya Tororo, ardhi inalala,
mpunga wa Butaleja kushoto, mpunga kulia,
na upepo usoni kama mtu anayekudai.
Mlimani angalau unajua kuna kilele.
Kule unakanyaga, unakanyaga,
korongo mwenye taji anakutazama,
na saa nzima baadaye anakutazama yule yule,
au ndugu yake.
Nililia kule siku moja, mtu mzima, kilo themanini kwenye karia,
bila pancha, bila njaa.
Tambarare tu.

Chagua mwenyewe. Goti langu halina kura tena.

Tyubu ya kufungia mzigo irudi nzima.
Usimpakie mtu mbele kwenye bomba,
hata yule unayemfikiria sasa hivi.

Na ukirudi usiioshe.
Iegemeze hapa ukutani ilivyo,
nitapitisha kidole chini ya madigadi:
tope jekundu, ulipita Bushika;
mchanga wa kijivu, ulikuwa na mto;
jeusi, la kung'ang'ania, umeuonja mpunga.
Na nikikuta lile la manjano,
laini kama unga wa muhogo,
la pale mlima ulipofunguka,
nitajua hukunisikia.
Nitakugombeza, watu wasikie.
Kisha, wakishaondoka,
utaniambia pakoje sasa.